Mwezi Ukiandama, Saa za Korokoroni Hurefuka

Watu wa pwani tumezoea kuugombania mwezi. Ramadhani inapofika siku ya 29, barazani hapakaliki: huyu amesikia umeonekana Lamu, yule asema hapana, umeonekana Pemba, mwengine amngoja Kadhi Mkuu atangaze, na wapo waliokwisha kufuata Makka tangu alasiri. Mjadala huo una wenyewe, na ukurasa huu hauna nia ya kuuamua. Lakini liko jambo moja juu ya kuandama kwa mwezi ambalo halizungumzwi barazani wala mimbarini, nalo lamgusa kila mwenye kijana nyumbani. Mwezi ukiandama na serikali ikatangaza mapumziko, mahakama hufungwa. Na mahakama zikifungwa, mtu aliyekamatwa jana yake kwa kosa dogo hukaa korokoroni siku ambazo katika wiki ya kawaida asingalikaa.

Asili ya jambo hili imo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 49. Wengi wetu twaijua nusu yake, ya kwamba aliyekamatwa hana budi kufikishwa mbele ya hakimu kabla ya kupita saa 24. Nusu ya pili ndiyo isiyojulikana. Kifungu hicho hicho chaendelea kusema kwamba ikiwa saa hizo 24 zitamalizika nje ya saa za kazi za mahakama, au katika siku ambayo si siku ya mahakama, basi polisi wana muda hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Maneno hayo machache ndiyo yanayobeba mzigo wote wa sikukuu.

Natuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Krismasi ya 2025 iliangukia siku ya Alhamisi, na Ijumaa yake, tarehe 26, yalikuwa mapumziko pia. Jumamosi na Jumapili si siku za mahakama. Basi tuseme kijana wa Majengo alikamatwa Jumatano tarehe 24, saa mbili za usiku, kwa kuwa alibeba abiria wawili juu ya bodaboda. Saa zake 24 zilimalizika Alhamisi saa mbili za usiku, siku ya mapumziko. Siku ya mahakama inayofuata ilikuwa Jumatatu tarehe 29. Kijana huyo angaliweza kulala korokoroni usiku mara tano, na hadi jioni ya Jumatatu hakuna mtu ambaye angaliweza kusema kwamba hesabu ya saa za Katiba imevunjwa.

Idi zetu hazina tofauti. Idi ya kufunga ya mwaka huo huo wa 2025 mapumziko yake yalikuwa Jumatatu tarehe 31 Machi. Aliyetiwa ndani Ijumaa jioni ya tarehe 28, wenzake wakiwa katika kumi la mwisho, siku yake ya mahakama ilikuwa Jumanne tarehe 1 Aprili. Usiku mara nne, na Idi yenyewe katikati.

Wakenya wameupa jina mchezo huu. Wanauita kamata-kamata ya Ijumaa, na magazetini jina hilo hutajwa zaidi anapokamatwa mwanasiasa au mtu mwenye ulimi mkali. Lakini mwanasiasa hukamatwa na kamera zikamfuata, na mawakili watatu wakawahi kituoni kabla yake. Mwenye tuktuk, mchuuzi wa viazi karai na kijana aliyekuja Mombasa kutoka Kipini kula Idi kwa shangazi yake hawana kamera wala wakili. Hao ndio wanaoijua Ijumaa kwa kuilalia sakafuni.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba polisi hutoka sikukuu kwa ajili ya kuonea watu tu. Sisi wenyewe ndio tunaowaita. Wenyeji wa Kisauni wamelia miaka na miaka juu ya magenge ya vijana wa mapanga, na kilio chao huzidi sikukuu zinapokaribia, kwa sababu ndipo watu wanapotembea usiku na simu mpya mkononi. Uwanja wa Makadara siku za Idi hujaa bembea, vibanda vya vyakula na watoto. Mama Ngina hakuna pa kutia mguu. Na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tuuitao Pirates, huwa kama mahashari. Penye watu wote hao hapakosi mchopozi, mtoto aliyepotea, kijana anayekimbiza pikipiki kwa mbwembwe na mwengine aliyejitosa majini bila ya kujua kuogelea. Doria ni lazima. Linalotusumbua ni yale yanayomfika mtu baada ya kupakiwa garini.

Sehemu ya 36

Je, sheria imewaacha watu hivi hivi? Hasha. Iko Sheria ya Utaratibu wa Jinai, sura ya 75, na ndani yake imo sehemu ya 36, ambayo ni kongwe kuliko Katiba hii tuliyo nayo, na laiti kila mzazi wa pwani angaliijua kama aijuavyo njia ya sokoni. Yasema hivi kwa ufupi. Mtu akikamatwa bila ya hati ya mahakama, kwa kosa lisilokuwa la kuua, uhaini, wizi wa mabavu au jaribio la wizi wa mabavu, mkuu wa kituo, yaani OCS kama tulivyozoea kumwita, aweza kumwachilia kwa dhamana. Hapo ni hiari yake. Lakini ikiwa haielekei kwamba mtu huyo ataweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, neno la sheria lageuka. Si 'aweza' tena, ni 'lazima'. Ni lazima mkuu wa kituo aichungue kesi hiyo, na kama kosa halionekani kuwa zito, amwachilie mtu kwa dhamana ya kiasi, pamoja na wadhamini au bila ya wadhamini, na amwandikie siku na mahali pa kuja kujibu.

Itie maanani sentensi hiyo kwa siku za sikukuu. Mkesha wa Idi, mkuu wa kituo ajua vyema kwamba kesho hakuna mahakama. Kwa hivyo sharti la sheria limekwisha kutimia kabla hata kijana hajateremka garini. Kuambiwa 'mje Jumanne' ni jibu la mtu anayesoma nusu ya pili ya kifungu cha 49 na kuirukia sehemu ya 36. Katiba yenyewe, katika kifungu hicho cha 49, yampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Tena imeongeza jambo ambalo wenye bodaboda na tuktuk yawapasa walihifadhi: mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi madogo ya barabarani na ya kupiga kelele mitaani yamo humo. Kosa la kisu au la dawa za kulevya ni jambo jingine kabisa, na hapo hakuna ujuzi wa barazani utakaotosha, atafutwe wakili.

Wapo wanaokimbilia kwa Kadhi mtoto akikamatwa. Ni heshima njema, lakini ni safari bure. Mahakama ya Kadhi kwa mujibu wa Katiba huamua ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hali ya mtu baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Jinai haimo.

Sitara ikipewa bei

Taabu yetu si kutoijua sheria tu. Watu wa bara nao wengi hawaijui. Sisi tuna taabu ya ziada, na inatokana na jambo zuri katika utamaduni wetu, ambalo ni sitara.

Idi ni siku ya nyuso. Jamaa wamekuja kutoka Malindi, Lamu na Tanga. Nyumba imetiwa chokaa. Sinia zapita baina ya majirani. Watoto wazunguka mlango kwa mlango kutaka idi zao. Kijana akikosekana katika swala ya asubuhi ataulizwa, na baba hawezi kusimama mbele ya wakwe zake akasema kwamba mwanawe yuko korokoroni. Mama amekwisha kuvua bangili. Basi usiku huo huo hutafutwa mtu anayejuana na askari fulani, noti zapita kiganja kwa kiganja bila ya risiti, kijana arejea kabla ya takbira za alfajiri, na jambo lafunikwa kama chungu.

Kilichouzwa hapo ni nini? Ni dhamana, ambayo sehemu ya 36 imekwisha kumpa. Dhamana ya polisi haina ada. Kama mkuu wa kituo ameona bora iwekwe fedha taslimu, fedha hizo ni amana. Hutolewa risiti ya serikali, na mshtakiwa akihudhuria mpaka kesi ikamalizika, hurudishwa. Kwa hivyo mzazi huyu amenunua mali yake mwenyewe, tena kwa bei ya mkesha wa Idi, ambayo sote twajua kwamba haifanani na bei ya Jumanne ya katikati ya mwezi. Mwenye kuuza ajua saa ngapi wageni wanafika nyumbani kwa mnunuzi.

Na hasara haishii hapo. Kwa kuwa jambo halikuandikwa popote, halikufungwa popote. Kijana yule yule akionekana wiki ya pili yake aweza kukamatwa kwa jambo lile lile, na safari hii familia imekwisha kujulikana kwamba hutoa. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 nayo haikumbakisha mtoaji: anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Dini yetu ilikwisha kuwaweka wawili hao pamoja zamani kabla ya bunge kukaa. Ndugu zetu husema, 'Lakini wafanyeje? Mtoto alale ndani Idi nzima?' Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba aachiliwe kwa mlango wa mbele, kwa karatasi, na karatasi hiyo yapatikana ikiwa aliyekwenda kituoni ajua la kuomba.

Maneno na namna ya kuyasema

Hapa pana jambo la mila ambalo wanasheria hawalitambui. Kijana wa pwani amelelewa kwamba mkubwa akikuuliza, jibu. Kunyamaza mbele ya mtu mzima ni jeuri. Basi akikalishwa mbele ya meza ya askari na kuulizwa, hujibu, na kwa hofu hujibu zaidi ya alivyoulizwa; hutaja marafiki, hutaja mahali asipokuwapo, hutaka kumpendeza muulizaji apate kwenda nyumbani. Maneno hayo huandikwa. Katiba yampa haki ya kunyamaza, na ya kuambiwa matokeo ya kutonyamaza. Yampa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoifahamu, amekamatwa kwa nini. Yampa haki ya kuzungumza na wakili na mtu mwengine ambaye msaada wake wahitajika. Na hapana mtu wa kumlazimisha akiri. Kunyamaza kwaweza kufanywa kwa adabu. Aseme, 'Afande, jina langu ni hili, nyumbani kwetu ni mtaa fulani. Mengine naomba niyaseme mbele ya wakili au mzazi wangu.' Kisha atue.

Asikimbie, na asivutane na askari. Kumpinga askari anapokamata ni kosa lenyewe, na aghalabu ni zito kuliko lile la kwanza. Najua kwa nini vijana wa Majengo na Kisauni hutimua mbio waonapo gari la polisi. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa na kukamata watu zaidi ya 100, wengi wao vijana, na watoto waliokuwa na miaka kumi siku hiyo leo ni watu wazima wenye kumbukumbu yao. Lakini anayekimbia humpa askari ile sababu ya kushuku aliyokuwa hana.

Mzazi naye anapofika kituoni, asiingie na jeshi la jamaa wala asiingie na kilio. Waende wawili, mmoja wao awe na kitambulisho chake, kwa kuwa ndiye atakayekuwa mdhamini. Salamu kwanza, askari wa zamu naye ni mtu aliyeikosa sikukuu ya nyumbani kwake. Kisha: 'Afande, naomba kujua mwanangu ameandikiwa kosa gani, na nambari yake katika OB ni ngapi.' Nambari ya kitabu cha matukio ndiyo mzizi wa kila jambo. Mtu ambaye hakuandikwa katika kitabu, kisheria hayupo kituoni, na asiyekuwapo hana wa kumwuliza habari zake. Ikisha kupatikana, ndipo husemwa: 'Kesho hakuna mahakama. Naomba dhamana chini ya sehemu ya 36.' Ikiwa jibu ni hapana, aulize sababu, aandike jina la aliyejibu na saa aliyojibu. Kwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 askari aliyevaa sare hana budi kuwa na jina au nambari yake mahali panapoonekana. Kuitazama nambari hiyo na kuiandika si matusi.

Kuna sababu ya kuutilia mkazo usiku ule mmoja na kutosema tu kwamba siku nne zitapita. Mwaka 2025 mapumziko ya Idi ya kuchinja yalikuwa Ijumaa tarehe 6 Juni. Siku iliyofuata, Jumamosi, mwalimu kijana kwa jina Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni, akasafirishwa hadi kituo cha Central jijini Nairobi, na kufikia asubuhi ya Jumapili alikuwa maiti. Kwanza polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliompasua walikuta majeraha yasiyolingana na hadithi hiyo. Saa 24 zake hazikuwa zimekwisha bado.

Mabinti, kina mama na watoto

Buibui na ushungi vina sehemu yao katika sheria, ingawa sheria haikuvitaja kwa jina. Sehemu ya 27 ya Sheria ile ile ya Utaratibu wa Jinai yasema kwamba mwanamke anapohitajika kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga staha. Hili halina sikukuu wala siku ya kazi. Kwenye vizuizi vya njia ya Lamu na kwenye milango ya viwanja siku za Idi, binti akitakiwa apekuliwe na mwanamume, amwambie kwa upole kwamba atamngoja askari wa kike, na angoje. Asiikatae kupekuliwa, asichokubali ni mkono wa nani. Wanawake waliokamatwa huwekwa mbali na wanaume.

Ama watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 imesema kwamba aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Na Katiba yataka mtoto yeyote, yaani kila aliye chini ya miaka 18, asizuiliwe ila pakikosekana njia nyingine yote, tena kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Kwa hivyo mzazi wa mtoto wa miaka 15 aliyekamatwa akiwasha fataki aende na cheti chake cha kuzaliwa. Kanzu ya Idi humwonyesha mtoto kuwa mtu mzima, na askari wa zamu hakadirii miaka kwa huruma.

Na kwa kuwa tumetaja saa 24, kuna kosa moja linaloumiza watu Makadara na ufuoni kila mwaka. Mzazi aliyepotelewa na mtoto hudhani kwamba hana budi kungoja saa 24 ndipo apige ripoti. Hakuna sheria ya namna hiyo. Apige ripoti dakika ile ile, kwa askari aliye karibu, kituoni, au kwa simu ya watoto nambari 116. Nambari ya simu ya mzazi ikiandikwa kwenye kikaratasi na kutiwa mfukoni mwa kanzu ya mtoto, kazi yote yafupika. Ufuoni, mtu mzima mmoja asiyekuwa na kazi nyingine ila kuhesabu vichwa. Na anayepanda mashua kwenda Manda au Shela jamaa wakiwa wengi kuliko nafasi, angoje mashua ya pili, na asipande pasipo jaketi la kuokolea. Bahari ya kusi haijui kama watu wanatoka kuswali.

Zafa pia lina lake. Mikutano ya dini yenyewe haimo katika ile mikutano ambayo Sheria ya Utulivu wa Umma yaitakia taarifa. Lakini zafa linapotoka msikitini na kushika barabara, ni maandamano ya hadharani, na waandalizi wampelekee mkuu wa kituo taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Watu wa Lamu wenye Maulidi yao hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wa mitaa mipya ya Mombasa na Kilifi ndio husahau. Ni taarifa, si ombi la ruhusa, na nakala iliyogongwa muhuri ikae mfukoni mwa mzee wa zafa.

Wakati wa marufuku

Wapo watakaosema kwamba karatasi na vifungu havisaidii kitu mbele ya rungu. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakingoja feri Likoni walipigwa na kutupiwa mabomu ya machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Mei ya mwaka huo Mji wa Kale ukafungwa, na Idi ya tarehe 24 ikawakuta wenyeji ndani, misikiti imefungwa, jamaa wakipeana mkono wa Idi kwa simu. Naam, rungu lilikuja kwanza. Lakini Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu zisizokuwa za kiasi katika kuitekeleza ni kinyume cha Katiba. Rais Kenyatta alikuwa amekwisha kuomba radhi mapema mwezi huo. Walioweza kufaidika na uamuzi ule ni wale waliokuwa na picha, tarehe, saa na karatasi ya daktari.

Ndiyo maana malalamiko yasiachwe yakapoa pamoja na pilau. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ina ofisi Mombasa na simu isiyolipiwa, 1559. MUHURI na Haki Africa ziko Mombasa na zimezoea kesi za namna hii. Asiyekuwa na uwezo wa kulipa wakili aulizie msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Na ikiwa mtu hajulikani aliko, wakili aweza kuomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Mahakama Kuu huenda likizo tangu 21 Desemba hadi 13 Januari, lakini jaji wa zamu huwapo kwa mambo ya dharura.

Hapo ndipo ninapoona Idara ya Mahakama inadaiwa. Ikiwa majaji wana zamu, kwa nini isiwe desturi ya kudumu kwamba Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale pakae hakimu wa zamu saa mbili tu kila mapumziko yanapozidi siku moja? Hospitali hazifungi kwa Idi wala kwa Krismasi, feri haifungi, na kituo cha polisi chenyewe hakifungi. Kinachofungwa ni mlango mmoja tu, ule wa kutokea.

Jambo hili halitapungua kwa kungojewa. Idi yarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na kwa hesabu ya wanafalaki Idi ya kufunga ya 2033 yatarajiwa kuangukia Ijumaa tarehe 23 Desemba. Jumamosi itafuata. Krismasi itakuwa Jumapili, na Jumatatu yake ni mapumziko ya tarehe 26. Kwa kuwa sheria ya mapumziko husema sikukuu ya Jumapili hulipwa kwa siku ya kazi inayofuata, Jumanne nayo itakwenda. Kijana atakayekamatwa jioni ya Alhamisi tarehe 22, mwezi ukiwa umeonekana Lamu au haukuonekana, siku yake ya mahakama itakuwa Jumatano tarehe 28.